Mapendo Yaliyokatazwa: Ni Nani Aliyekataza?

Mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, ametuletea barua ambayo hatukuweza kuiweka kando. Atuambia ya kuwa binti yake, ambaye amekwisha kuchumbiwa, alipewa kitabu asome. Naye mama, kama iwapasavyo wazazi, akakisoma kwanza yeye mwenyewe. Kitabu hicho ni riwaya ya Mwitaliano Alessandro Manzoni iitwayo "I promessi sposi", yaani wachumba walioahidiana ndoa. Naye alikisoma katika tafsiri ya Kiingereza. Alipofika katika habari za mtawa mmoja aliyeanguka katika mapendo na mwanamume, alilia. Na baada ya kulia akaona haya. Sasa atuuliza: Je, si dhambi kumhurumia mtu aliyevunja nadhiri aliyomwekea Mungu? Na tena: Je, yafaa kumpa binti kitabu kinachomfanya msomaji awasikitikie watu wenye mapendo yaliyokatazwa?

Twamshukuru mama huyo. Wengi husoma, wakalia, wakafunga kitabu, wasijiulize neno. Yeye amejiuliza. Nasi twakiri mapema kwamba swali lake limetugusa mahali penye kidonda, kama itakavyoonekana mbele.

Kwanza tuseme machache juu ya kitabu chenyewe, maana wasomaji wetu wengi hawajakiona. Manzoni alizaliwa Milano mwaka 1785, akafariki mwaka 1873. Mambo ya ndoa na dhamiri hayakuwa mageni kwake: mwaka 1808 alimwoa Henriette Blondel, mfuasi wa dini ya Kalvini, nje ya Kanisa Katoliki, na mwaka 1810 ndoa yao ikatengenezwa kwa taratibu za Kanisa, naye mke akawa Mkatoliki. Riwaya yake ilitoka mara ya kwanza mwaka 1827. Akaisahihisha kwa miaka mingi, akaitoa tena kati ya 1840 na 1842. Asimulia mambo ya miaka 1628 hadi 1630, wakati Milano ilipokuwa chini ya mfalme wa Hispania, wakati wa njaa, vita na tauni. Hayati Papa Fransisko, alipofundisha juu ya uchumba tarehe 27 Mei 2015, aliwahimiza wachumba wakisome kitabu hiki. Basi juu ya swali la pili, mama asiwe na wasiwasi. Lakini ruhusa peke yake si jibu. Yafaa tujue sababu yake.

Maneno haya, "mapendo yaliyokatazwa", yana hila ndani yake. Yatuambia kwamba kuna katazo, wala hayatuambii ni nani aliyekataza, wala kwa haki gani. Yapo mapendo aliyoyakataza Mungu. Yapo aliyoyakataza mtu mwenye nguvu kwa sababu ya tamaa yake. Yapo aliyoyakataza baba kwa sababu ya mali. Watu huyaweka yote katika kapu moja. Wengine huyahukumu yote, na wengine, hasa watunga nyimbo na hadithi za siku hizi, huyatukuza yote. Manzoni hakufanya hivi wala vile. Aliweka mapendo mawili yaliyokatazwa ndani ya kitabu kimoja, tuyalinganishe.

Ya kwanza ni mapendo ya Renzo na Lucia. Renzo ni kijana mfuma hariri, Lucia ni msichana afanyaye kazi katika kiwanda cha kusokota hariri, wote wawili wa kijiji kimoja karibu na ziwa la Como. Wamechumbiana kwa haki, mama ya msichana ameridhia, siku ya ndoa imewekwa. Jioni ya tarehe 7 Novemba 1628 paroko wao, Don Abbondio, akirudi nyumbani na kitabu chake cha sala mkononi, azuiliwa njiani na majambazi wawili wenye silaha. Wametumwa na mkubwa wa mahali pale, Don Rodrigo, wamwonye asithubutu kuifungisha ndoa ile. Kwa nini? Kwa sababu Don Rodrigo amemtamani Lucia, na amewekeana dau na binamu yake juu ya msichana huyo, kama watu wawekeanavyo dau juu ya jogoo.

Hapa katazo lipo, lakini tazama limetoka wapi. Halikutoka kwa Mungu. Halikutoka kwa Kanisa. Bali Kanisa lilikuwa limekwisha kusema kinyume chake: Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, katika sheria yake juu ya ndoa, uliwatenga na ushirika mabwana na watawala wanaowalazimisha watu waliyo na mamlaka juu yao, wasiwe huru kufunga ndoa wapendavyo. Kwa hiyo mwenye kosa katika habari hii si wachumba, ni aliyekataza. Renzo na Lucia watatengana, watakimbia, watapita katika ghasia na tauni. Mapendo yao hayakuwa haramu hata siku moja.

Ya pili ni mapendo yaliyomliza mama yetu. Lucia na mama yake, wakimkimbia Don Rodrigo, wapewa kimbilio katika nyumba ya watawa ya mji wa Monza, chini ya ulinzi wa mtawa mmoja wa ukoo mkubwa, Gertrude. Mtawa huyu ana siri. Katika nyumba iliyopakana na utawa aishi kijana mwovu, Egidio. Siku moja kijana huyo alithubutu kusema naye kwa mbali, naye akaitika. Kutoka hapo aliteremka ngazi kwa ngazi mpaka katika damu, maana mtawa mwingine aliyetishia kuifichua siri aliuawa. Na mwishowe, Egidio alipomwamuru, alimtoa Lucia nje ya kuta za utawa, atekwe na watu waliokuwa wakimvizia. Mapendo hayo Mungu aliyakataza, na hakuna machozi yawezayo kuyageuza yakawa halali.

Lakini Manzoni hakuanza habari za Gertrude siku ile ya Egidio. Alianza kabla hajazaliwa. Baba yake, mtu mwenye cheo na mali, alikuwa amekata shauri kwamba mali yote imwendee mtoto wa kwanza wa kiume, isigawanyike. Wengine wote, wavulana kwa wasichana, wataingia utawani. Mtoto akiwa bado tumboni, neno lilikuwa limekwisha. Alipozaliwa msichana, wanasesere wake wa kwanza walivikwa nguo za kitawa. Wageni wakimsifu, walimsifu kama mkuu wa watawa wa siku zijazo. Hakuna aliyemwambia kwa kinywa, "Utakuwa mtawa." Hilo ndilo la kutisha: hakuamriwa, alizungushiwa ukuta. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini yupo mzazi asiyelea, bali afinyanga chombo kwa matumizi yake.

Alipokuwa kijana, Gertrude alimwandikia barua mtumishi mmoja mdogo wa nyumba yao. Barua ikakamatwa. Alifungiwa chumbani, akanyimwa uso wa baba yake, mpaka kwa upweke na haya akamwandikia baba kuomba msamaha, akisema yu tayari kwa lolote. Baba akaishika barua ile kama mfanyabiashara ashikavyo hati ya deni. Toba ya mtoto akaiita ridhaa. Kosa dogo la utoto akalifanya mnyororo: ama utawa, ama aibu.

Likaja lile jambo linalotuumiza sisi mapadre kuliko yote. Sheria ya Kanisa ilidai kwamba kabla msichana hajapokewa, padre aliyewekwa na Askofu amhoji kama anaingia kwa hiari yake. Mtaguso ule ule wa Trento ulikuwa umewapa adhabu ya kutengwa na Kanisa wote wanaomlazimisha mwanamke kuingia utawani. Padre akaja, akauliza maswali yake kwa wema. Gertrude akajibu kwamba hakuna aliyemlazimisha. Alisema uongo, kwa hofu ya baba aliyemngojea sebuleni. Sheria ilikuwa njema, padre alikuwa mwema, cheti kikaandikwa sawasawa. Na msichana akazikwa hai.

Tena habari hii haikuzuliwa yote. Mtu wa kweli aliyempa Manzoni mfano ni Marianna de Leyva, aliyezaliwa Milano mwaka 1575, akaweka nadhiri huko Monza mwaka 1591. Alihukumiwa mwaka 1608 kwa mapendo yake na Gian Paolo Osio na kwa mambo ya damu yaliyofuata, akafungiwa katika chumba kilichojengwa ukuta mlangoni, akakaa humo mpaka mwaka 1622. Alitoka akiwa mtu wa toba kubwa, akaishi mpaka mwaka 1650. Askofu Mkuu wa Milano siku zile, Kardinali Federigo Borromeo, ambaye yumo pia katika riwaya hii, aliishuhudia toba yake.

Basi, mama mpenzi katika Kristo, twaweza sasa kukujibu swali lako la kwanza. Kumhurumia Gertrude si dhambi. Mtakatifu Thoma wa Akwino afundisha kwamba huruma ni huzuni ya moyo kwa ajili ya taabu ya mwingine. Naye mkosaji yumo katika taabu kubwa kuliko zote. Huruma hukosea njia pale tu inapogeuza jina la dhambi, ikaita uzinzi ushujaa, ikaiita damu ajali. Manzoni hafanyi hivyo. Wakati wa anguko la Gertrude asema sentensi moja fupi tu, wala haongezi. Amtaja kwa neno la masikitiko, si kwa matusi, wala si kwa sifa. Katika rasimu yake ya kwanza, ya miaka 1821 hadi 1823, alikuwa ameandika kwa kirefu zaidi juu ya dhambi hiyo. Alipoisahihisha alifuta kurasa nyingi. Lakini habari za utoto wa Gertrude na za baba yake aliziacha kwa kirefu chake. Alitaka tuitazame mizizi kuliko tunda.

Machozi yako, basi, yalikuwa na haki. Hayakulilia uhuru wa kutenda dhambi. Yalilia uhuru ulioibwa kabla ya dhambi. Mtu aliyenyimwa nafasi ya kusema "sitaki", hata "nataki" yake haina mizizi, na mti usio na mizizi huangushwa na upepo wa kwanza. Twasema hayo bila kumwondolea Gertrude hatia yake. Aliweza kumkataa Egidio. Aliweza kumwokoa Lucia. Lakini twasema kwamba siku ya hukumu hatasimama peke yake. Baba yake atasimama karibu naye, na atakuwa na mengi ya kujibu.

Sasa tufike kwenye kidonda tulichokitaja. Mtu aliyetusumbua sisi katika kitabu hiki si Gertrude wala Don Rodrigo, ni Don Abbondio. Tulikisoma kwa mara ya kwanza tulipokuwa katika seminari kuu, tukamcheka sana paroko huyo mwoga, ambaye Renzo alipokuja kuuliza juu ya ndoa yake alimtajia vizuizi vya ndoa kwa Kilatini ili kijana asifahamu kitu. Tulicheka kwa sababu hatukuwa na parokia.

Miaka michache baadaye, tukiwa padre msaidizi huko shamba, walitujia kijana fundi seremala na msichana mwalimu. Wote wawili walikuwa Wakristo wema, watu wazima, huru. Tumebadili mambo madogo wasitambulike. Baba ya msichana hakutaka, kwa sababu kijana alikuwa wa kabila jingine na kwao ni maskini. Mzee huyo alikuwa mtu wa heshima, na ndiye aliyetoa mabati ya paa la kanisa la kigango. Alikuja jioni moja, akaketi barazani, akanywa chai. Hakututisha hata kidogo. Alisema tu kwamba anatumaini padre hatakuwa na haraka ya kuzitangaza ndoa za watoto wasiojua dunia. Tukamwelewa.

Tukamwambia kijana alete cheti cha ubatizo kutoka kwao. Akakileta. Tukamwambia angoje Kwaresima ipite. Ikapita. Tukamwambia awalete wazee wake, nao wakaja kwa basi mwendo wa siku mbili, wakarudi bila neno. Hatukusema "hapana" hata mara moja. Wahenga walisema, mkono usioweza kuukata, ubusu. Nasi tuliubusu mkono wa mzee yule vizuri sana. Mwaka haukwisha, vijana wale wakaenda mjini, wakaishi pamoja pasipo Sakramenti. Wana watoto sasa. Hawakaribii meza ya Bwana. Na kijijini watu husema kwamba walishikwa na mapendo yaliyokatazwa.

Ni nani aliyekataza? Mungu hakukataza. Sheria ya Kanisa haikukataza, maana yasema wazi kwamba wote wasiozuiliwa na sheria wanaweza kufunga ndoa. Sheria ya nchi, ile ya mwaka 1971, haikukataza, maana nayo yadai ridhaa huru ya wanaooana. Tulikataza sisi, kwa kungojesha. Don Abbondio alikuwa na udhuru kuliko sisi, kwa kuwa aliwaona majambazi wenye bunduki. Sisi tuliona mabati.

Katika riwaya, Kardinali Federigo amwita Don Abbondio na kumwuliza kwa nini hakutimiza wajibu wake. Paroko ajitetea kwa hofu aliyokuwa nayo. Kardinali hamdharau kwa kuogopa. Amwuliza kama hakujua kwamba nguvu huombwa, na kwamba anayewapenda kondoo wake huona hofu yake ikipungua. Tulipoisoma sura ile kwa mara ya pili, hatukucheka. Mwaka uliopita tulisafiri kwenda kuwaona wale wawili. Mke alitukaribisha chai. Mume alitoka nje, hakurudi mpaka tulipokuwa tumekwisha kuaga. Mlango wa kanisa u wazi kwao, na tumewaambia hivyo. Lakini sisi tuliousukuma ukafungwa hatuwezi kuwalaumu kama wanauogopa.

Tumeandika hayo si kwa kutaka sifa ya unyenyekevu. Ni kwa sababu katika kila parokia, pale wasemapo "mapendo yaliyokatazwa", yupo mtu aliyekataza, na mara nyingi ni mtu mwema: baba aliyesumbukia karo za shule, mama aliyetaka bintiye asihangaike, padre aliyetaka amani. Don Rodrigo ni wachache. Wazazi wasemao "kwa faida yako" ni wengi.

Je, twasema kwamba wazazi wanyamaze? La, hasha. Kijana ampendaye mtu mwenye mke wake, au mlevi apigaye watu, yampasa asikie neno la baba yake bila kificho, na Kanisa litasimama na baba huyo. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliwakumbusha wazazi wajibu wao wa kuwaongoza vijana kwa mashauri ya busara, nao vijana wayasikie kwa moyo; lakini ukawaonya wazazi wasiwashurutishe, kwa wazi wala kwa njia ya kuzunguka, waoane au wamchague fulani. Ile "njia ya kuzunguka" ndiyo aliyoijua sana baba ya Gertrude. Ndiyo mahari inayopandishwa makusudi ili mchumba ashindwe. Ndiyo kimya cha miezi mitatu mezani. Ndiyo sifa za "sista wetu mdogo" apewazo mtoto wa miaka sita asiyejua bado kusuka nywele zake. Wito ni kito cha thamani, na nyumba nyingi za Wakristo wetu zimebarikiwa nacho. Lakini Mungu haibi watoto, wala hahitaji tumwibie.

Tena mtu aweza kujikataza mwenyewe kwa hofu. Lucia, akiwa mateka usiku katika ngome, alimwahidi Bikira Maria kwamba hataolewa, kama akiokoka. Mwishoni Padre Cristoforo, mtawa Mkapuchini aliyewatetea wachumba tangu mwanzo, amfungua nadhiri hiyo kwa mamlaka ya Kanisa, maana alikuwa amekwisha kumwahidi Renzo. Hakuweza kumtolea Mungu ahadi ambayo haikuwa tena yake peke yake. Na kabla hajamfungua, Padre huyo alikuwa amempeleka Renzo mbele ya kitanda cha Don Rodrigo anayekufa kwa tauni, ili amsamehe. Hapo Manzoni atuonyesha jinsi mapendo ya halali yanavyopatikana: yataka uhuru, na yataka pia moyo uliotua chini mzigo wa kisasi. Twawaombea wale wawili wa mjini neema hiyo, nasi twajua kwamba ni sisi tunaohitaji msamaha wao.

Basi, mama, mpe binti yako kitabu hicho. Usimpe kama dawa chungu, wala kama onyo juu ya wanaume. Mpe, kisha keti naye jioni, mkiisha kuosha vyombo, umwulize maoni yake juu ya Lucia na juu ya Gertrude. Na akikwisha kusema, umwulize jambo moja zaidi, baba yake akiwa yupo asikie: "Huyu uliyemkubali, umemkubali wewe mwenyewe?" Umpe nafasi ya kujibu hapana. Akijibu ndiyo, ndiyo yake itasimama.